Limi Haketi Juani

Kilosa, 13 Februari 1994

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kitandani bwenini, ni Jumapili baada ya ibada, na daftari la Baiolojia ndilo meza yangu. Mimi ni mzima, hata mafua niliyoondoka nayo kwako yameisha. Baba alipita hapa wiki mbili zilizopita akitoka mnadani. Ng'ombe hawajambo na malisho ya Kisanga mwaka huu ni mazuri. Alikaa dakika kumi tu. Akaniuliza kama bado nasoma, kana kwamba mtu anaweza kuvaa sare hii kwa kupenda. Nikamjibu, ndiyo, baba.

Sasa nisikilize, shangazi, maana jambo hili limenikaa moyoni tangu Alhamisi.

Likizo ya Desemba ulikuwa ukiamka vidole vimekakamaa hata kikombe hukishiki. Ukashinda chumba cha nyuma umejifunika mtandio hadi machoni, na meza yako ya mitumba ukamwachia jirani. Wewe, ambaye umenilea tangu nina miaka mitano bila kuketi kivulini hata siku moja! Nilipokuuliza ulisema ni uzee. Shangazi, una miaka thelathini na minane.

Alhamisi Mwalimu Cleopa ametufundisha vitamini. Somo ni kwa Kiingereza lakini nimekutafsiria. Ngozi ikipigwa na jua hutengeneza vitamini D. Asiyepata jua, mifupa humuuma na misuli humchoka. Nikanyoosha mkono nikauliza, hata mtu mzima? Akasema, hata mtu mzima. Nilikuona wewe pale ubaoni.

Kwa hiyo toka nje, shangazi. Kaa juani kila siku kuanzia saa nne mpaka saa sita, mikono wazi, uso wazi. Wewe mwenyewe uliniambia kwamba jina lako kwa Kisukuma ndilo jua lenyewe. Itakuwaje Limi augue kwa kukosa jua?

Nijibu upesi, hata mistari miwili.

Mwanao,
Perpetua Nyanda


Mikumi, 9 Machi 1994

Mwanangu Perpetua,

Marahaba. Barua imefika. Hapa kwetu nyani wameingia tena stendi, mmoja akachukua soksi mezani, ya mguu mmoja tu. Dereva wa lori la Zambia akasema, "Mwache mama, atarudi kuulizia ya pili." Tumecheka sana.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Elimu ya watu wazima ilinifundisha kusoma, haikunifundisha vitamini. Nimefanya ulivyoagiza. Nimerudi mezani kwangu, mikono wazi, uso wazi. Thadeo, yule mzee fundi cherehani wa kibaraza cha pili, aliponiona akapiga kelele stendi nzima: "Limi kachomoza!" Basi ndiyo hivyo, nimechomoza.

Uso umepata rangi kidogo. Ni joto la Machi.

Baba yako usimwambie habari za vidole. Wewe soma.

Shangazi yako,
Limi


Kilosa, 17 Aprili 1994

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Niliandika tarehe 20 Machi, sijapata jibu. Nikaandika Jumatatu ya Pasaka, kimya. Najua mvua zimekuwa kubwa. Mto Mkondoa umejaa, na basi la huko siku tatu halikutoka. Lakini basi limeanza kupita tena tangu Jumanne, na barua haimo. Mama wa posta ananifahamu sasa. Akiniona natokea mlangoni anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani.

Hapa hatujambo. Nilimwambia Mwalimu Cleopa kwamba shangazi yangu amefuata somo lake na amerudi kazini. Alifurahi, akalieleza darasa zima, wakanipigia makofi. Nilifurahi siku ile. Sasa kila nikikumbuka yale makofi nasikia vibaya, wala sijui kwa nini.

Labda ni kwa sababu ya neno moja. Uliandika kwamba uso umepata rangi "kidogo". Rangi gani, shangazi? Wewe husemi "kidogo" ila kwa jambo kubwa. Mwaka ule upepo ulipoezua paa la jikoni ulimwandikia baba kwamba palikuwa na upepo kidogo.

Vidole je? Unashika kikombe? Naomba unijibu swali kwa swali, kama mtihani.

Mwanao,
Perpetua


Mikumi, 15 Mei 1994

Binti Perpetua,

Mimi ni Thadeo, fundi cherehani. Shangazi yako ameniomba nimwandikie, na ameniagiza niandike kila neno atakalosema. Mimi ni mtu wa kutii. Anaanza.

Mwanangu, marahaba. Mwandiko ni wa Thadeo kwa sababu mimi nimebanwa na kazi. Andika, Thadeo, nimebanwa na kazi. Unanitazamia nini? Mvua zimekuwa nzuri, mahindi ya bondeni yamebeba. Barua zako zote tatu nimezipata. Mimi ni mzima kabisa.

Usiandike habari za miguu. Nimesema miguu usiandike. Umeandika nini hapo? Hebu soma. Haya, futa.

(Sikufuta. Karatasi ingechafuka.)

Anauliza uso. Mwambie uso hauna neno, ni wekundu tu hapa mashavuni na juu ya pua, kama kipepeo katua. Wanawake wa stendi wanasema nimejichubua kwa krimu hizi mpya za madukani, mtu mzima mimi. Mmoja kaniuliza, "Shoga, umepaka ipi, nami nisiinunue?" Hilo nalo usiandike, mtoto ataona haya.

Mwambie juani nilikaa, mwezi mzima na zaidi. Alisema saa nne mpaka saa sita, nami nikakaa mpaka saa tisa, ili nipone upesi. Usimwambie kwamba baada ya hapo ndipo... Thadeo, weka kalamu chini. Weka chini, mzee. Mwambie asome kwa bidii, na likizo ya Juni aende Kisanga kwa baba yake, asije huku. Shangazi yako, Limi.

Binti, kalamu niliiweka chini, nimeiokota tena alipokwenda kulala. Ni saa saba mchana, na siku hizi shangazi yako hulala saa saba mchana. Vidole havishiki sindano wala kalamu. Miguu imevimba, viatu havivaliki, anatembea na ndala zangu. Mama anayemsaidia kufua kasema mkojo una povu kama wa sabuni. Mimi fundi hupunguza nguo, sipunguzi habari.


Kilosa, 23 Mei 1994

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na baba kwa habari nilizonazo hajambo. Tafadhali usimgombeze mzee Thadeo. Ukimgombeza yeye utakuwa umenigombeza mimi.

Barua yake ilifika Ijumaa. Nilimpelekea Mwalimu Cleopa aisome. Alipofika penye kipepeo aliivua miwani, akasema, "Twende." Akaniombea ruhusa kwa mkuu wa shule, tukaenda hospitali kumwona daktari anayemfahamu, anaitwa Melkizedek.

Daktari aliniuliza, viungo vinauma asubuhi zaidi? Nikasema ndiyo. Wekundu umepita juu ya pua? Ndiyo. Mkojo una povu? Ndiyo. Akauliza, "Na nani alimwambia akae juani?"

Nikasema, "Mimi."

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

Akasema hawezi kumtajia mtu ugonjwa bila kumwona, lakini kuna ugonjwa unaitwa lupasi. Mwili una askari wake wa kuulinda. Katika ugonjwa huu askari hao huigeukia nyumba wanayoilinda, wakapiga viungo, wakapiga ngozi, wakapiga figo. Na jua, akasema, ndilo linalowapigia baragumu.

Mwalimu Cleopa akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo nimefundisha uongo?"

"Hujafundisha uongo," daktari akamjibu. "Umefundisha nusu. Mwenye lupasi anafichwa jua, na akifichwa jua vitamini D inampungua. Wenzetu waliopima damu za wagonjwa wameona mara nyingi kwamba wenye kiwango cha chini ndio ugonjwa unawachachamalia. Wasilolijua bado ni lipi linamvuta mwenzake. Huenda upungufu unauchochea ugonjwa, huenda ugonjwa ndio unaoleta upungufu."

Nikauliza, "Sasa afanye nini? Akikaa juani anaumwa, akikaa ndani anapungukiwa."

"Akae kivulini. Vitamini aipate kwa mdomo, mafuta ya ini la samaki, viini vya mayai, samaki wenye mafuta. Lakini, binti, hayo ni ya baadaye. Kwanza mkojo upimwe. Figo hazimngoji mtu."

Shangazi, shule inafunga tarehe 10 Juni. Sitakwenda Kisanga kwanza. Nakuja huko, na tunakwenda hospitali, hata kama itabidi mzee Thadeo akushone kwenye kiti cha basi. Tangu leo, nakuomba, usitoke nje mchana. Ile barua yangu ya Februari ichane.

Mwanao,
Perpetua


Kilosa, 10 Julai 1994

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimefika shuleni salama. Naandika kwa sababu kuna jambo sikuweza kukuambia macho kwa macho, na wiki nne zote nilikuwa nimeketi pembeni ya kitanda chako.

Nafurahi walikulaza. Nafurahi sasa tunajua. Ile karatasi ya mkojo yenye alama tatu za kujumlisha, ambayo wewe uliita misalaba mitatu, naiona kila nikifumba macho. Nakumbuka pia baba alipoingia wodini akasema, "Basi Perpetua abaki huku amuuguze, shule ipo siku zote." Wewe ulikuwa na mpira wa maji mkononi, uso umevimba, ukamjibu, "Nani kakwambia naumwa, Nyanda? Nimekuja kupumzika. Mtoto arudi shule." Hata nesi alicheka. Mimi nilitoka nje nikalia.

Sasa jambo lenyewe. Siku ya kwanza, nilipofungua sanduku lako kutafuta khanga za kupeleka wodini, niliikuta karatasi chini kabisa. Ni ya hospitali, ya Novemba. Imeandikwa: asikae juani. Klorokwini kila siku, asiache. Niliikunja kama nilivyoikuta.

Shangazi, ulikuwa unajua. Ndiyo maana Desemba ulijificha chumba cha nyuma. Ulijua kabla sijafundishwa lolote, na bado barua ya mtoto wa kidato cha tatu ilipofika ukaifuata, ukaiacha ya daktari. Kwa nini? Na klorokwini ilikwenda wapi?

Sikuulizi kwa hasira. Darasani mwalimu akinitaja jina nashtuka. Najiambia, laiti nisingenyoosha mkono siku ile.

Mwanao,
Perpetua


Mikumi, 28 Agosti 1994

Mwanangu Perpetua,

Marahaba, marahaba sana. Nimetoka hospitali tangu katikati ya Julai. Anayeandika ni Thadeo. Safari hii nimemwambia aandike yote kwa hiari yangu, naye amenuna, anasema kazi imekosa ladha.

Nilichelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa natafuta jibu linalonipendezesha, nikalikosa. Basi chukua hili lililopo.

Klorokwini nilipewa, ni kweli. Nikajiambia, huyu daktari kachanganya wagonjwa, mimi sina malaria. Hata hivyo nikameza siku tatu kama watu wote wanavyomeza. Nikawashwa mwili mzima, nikasema, basi, dozi imekwisha. Vilivyobaki nikampa jirani, Mama Grace, mwanawe alikuwa na homa. Daktari alisema "kila siku", nami nikadhani kasahau ni dawa gani anayoitaja. Kumbe dawa moja inaweza kuwa na kazi mbili, kama mkasi wa Thadeo unaokata vitambaa na kucha zake. (Si kweli kuhusu kucha. — T.)

Sasa jua. Mwanangu, nilikaa ndani miezi mitatu. Mtu wa stendi akikaa ndani, anayasikia malori yakifunga breki, anawasikia wenzake wakiita wateja, na yeye hayumo. Nilijiona kama nimekwisha kuzikwa ila watu wamesahau kulia. Kisha barua yako ikaingia, ikasema, toka nje. Sikuifuata kwa ajili ya vitamini. Niliifuata kwa sababu ilisema neno nililokuwa nalitaka, na lilikuwa kwa mwandiko wako.

Ningeweza kukujibu kwamba daktari kakataza. Ungeuliza, ugonjwa gani? Ungemwambia baba yako, naye angekutoa shule uje kunikorogea uji. Unamjua Nyanda. Nikaona afadhali uso wangu uungue kuliko sare yako ikunjwe. Wewe ulisema ulichofundishwa. Mimi nilificha nilichoambiwa. Thadeo, andika hapa kwa herufi kubwa: KOSA SI LAKO.

Habari nzuri ipo. Misalaba imekuwa miwili. Klorokwini nameza kila siku pamoja na vile vidonge vidogo vyeupe walivyonianzishia wodini, huku najikuna. Na kabla sijatoka wodini alikuja daktari mgeni, wa utafiti, akatutoa damu wagonjwa sita, ipimwe hiyo vitamini D yako. Kipimo hakipo hapa, damu imepelekwa mbali. Nilimwambia ninaye mtoto Kilosa anayeijua vitamini hiyo. Akasema nimsalimie.

Shangazi yako,
Limi


Kilosa, 9 Oktoba 1994

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako hata imechanika mahali pa kukunjia. Nimeibandika kwa ute wa yai, maana kiini nimeambiwa ni chako.

Pamoja na barua hii kondakta atakuletea chupa. Ni mafuta ya ini la samaki, yamefika kwenye duka jipya la dawa karibu na stesheni. Mwalimu Cleopa ndiye aliyeyaona dirishani, akaja nayo mwenyewe mpaka bwenini, matroni akamzuia mlangoni. Daktari Melkizedek anasema kijiko kimoja kwa siku, si viwili ili upone upesi. Anakufahamu sasa. Na anasema mafuta hayashiki nafasi ya vidonge hata siku moja.

Wiki hii Mwalimu alirudia somo la vitamini kwa ajili ya mtihani. Alipoandika neno "jua" ubaoni alisimama kidogo, kisha akaongeza mstari chini yake: "Asiyeruhusiwa jua: chakula na dawa, kwa ushauri wa daktari." Akasema, "Mstari huu haumo kitabuni. Uandikeni."

Majibu ya damu je? Nauliza kila barua, najua. Mtihani unaanza mwezi ujao na mimi nahesabu siku za damu yako badala ya siku za mtihani. Nikipata hata neno moja nitatulia.

Mwanao,
Perpetua


Mikumi, 20 Novemba 1994

Mwanangu Perpetua,

Marahaba. Mtihani umekwisha, najua, ndiyo maana naandika leo na si wiki iliyopita. Majibu yalikuja tarehe mbili. Nilikataa yakukute na kalamu mkononi. Nisamehe, hilo ndilo la mwisho kukuficha.

Kiwango changu kilikuwa chini, chini kuliko wote sita. Nimekuwa wa mwisho darasani. Daktari ameeleza kwamba damu ilichukuliwa ugonjwa ukiwa umewaka, nami nimetoka kujificha. Mwaka mpya watatoa nyingine waone kama kiwango kimepanda, na kama mkojo nao unakwenda njia moja nacho. Nilimwuliza, hii vitamini itaniponya? Akasema hawezi kuniahidi hivyo. Nikampenda kwa kusema hivyo. Mafuta nakunywa, yananuka kama pwani nzima, ila nakunywa kijiko kimoja tu.

Msalaba umebaki mmoja, na mwembamba.

Meza yangu nimeihamishia kwenye kibaraza cha Thadeo, upande wa mashariki. Mchana anauza yeye huku anashona, anawadanganya watu saizi. Mimi natoka saa kumi na nusu, jua likishapita nyuma ya nyumba. Kila siku anapiga kelele ile ile: "Limi linachomoza jioni, jamani, dunia imegeuka!" Watu wameanza kuja saa hizo kwa makusudi, wanikute. Mama yule aliyeniuliza krimu amenunua magauni mawili.

Umeona mwandiko huu? Usimtafute Thadeo humu, hayumo. Imenichukua siku tatu, na herufi zimelala kama ng'ombe waliochoka, lakini kila moja nimeishika mwenyewe. Kikombe pia nashika. Uliuliza Aprili, najibu sasa.

Likizo njoo na sanduku dogo, la kurudi nalo shuleni Januari. Baba yako nimekwisha kumwambia. Na panda basi la mchana. Ukishuka hapa saa sita hutaniona, wala usiulize niko wapi. Ukishuka saa kumi na moja, kabla hujachukua mzigo wako, tazama stendi. Nitakuwa nimesimama.

Shangazi yako,
Limi